Printa inayouliza kuliko hakimu

Nina steshenari ndogo Wete, mlango mmoja tu, na kazi inayoniweka mjini ni kuchapa: barua za maombi, mitihani ya tuisheni, kadi za harusi. Printa niliinunua Unguja kwa bei iliyonifurahisha. Kumbe mashine wanakuuzia rahisi, kisha wanakukamua kwenye wino. Nikaona isiwe tabu, nikaagiza katriji, yaani vikasha vya wino, za bei nafuu zisizo za kampuni ya printa, zikaja kwa boti, na kwa miezi zikachapa bila ya matata.

Usiku mmoja maalim akaniletea mtihani wa majaribio wa Kidato cha Pili, anautaka kabla ya saa moja asubuhi. Nawasha printa, kioo kinaniambia katriji imezuiwa. Na jana yake ilikuwa ikichapa! Nikapekua kwenye simu hata nikafahamu: nilipoiunganisha na intaneti ilijishushia programu mpya, na programu ile huitazama chipu ya katriji, kile kidude cha elektroniki kinachoitambulisha. Ikikuta si ya kampuni, inagoma. Wenyewe wanaita usalama. Labda usalama wa mifuko yao.

Chini ya meza nilikuwa na kopo la katriji za asili zilizokwisha wino. Chipu zake ni za kampuni, si ndio? Nikachukua nyeusi, nikabandua karatasi ya juu, nikakuta kitundu. Nikavuta wino kwa sindano ya mililita 5, nikautia taratibu, maana ukisukuma kwa pupa unafurika ukatokea chini. (Mara ya kwanza nilisukuma kwa pupa. Kanga ya mama ni shahidi.) Nikailaza juu ya kitambaa kibichi hadi ikaacha kudondosha, nikairudisha mahali pake.

Kioo kikaandika kwamba katriji hii imeshatumika au ni bandia. Nikabonyeza Sawa. Ikauliza tena, Sawa. Ikakoroma kama inasaga mchanga, karatasi ya kwanza ikatoka na mistari, ya tatu safi. Maalim, aliyekuwa akisinzia kwenye benchi, akasema: "Mwanangu, mashine yako inauliza kuliko hakimu."

Na mahakimu walishasema. Mwaka 2017, katika kesi ya Lexmark, kampuni ya printa, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kampuni ikishauza katriji, haki yake ya hataza (ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi) juu ya katriji ile imekwisha. Lakini chipu haisomi hukumu.

Kulipokucha nikazima masasisho, nikaikata na intaneti kabisa. Sasa naichapia kwa waya. Kipimo cha wino kinasoma sifuri siku zote, kwa hivyo nahesabu karatasi kwa chaki nyuma ya mlango, nikaijaza katriji kabla haijakauka. Kila asubuhi inaniuliza swali lake lile lile, nami nabonyeza Sawa huku najimiminia chai.