Mtoto wa Showa 64

Karani mmoja mzee, huku Fukuoka, Japani, alinisaidia kujaza fomu. Nilipomtajia Januari 5, 1989, kalamu yake ikasita. Akanitazama, akatabasamu: "Showa 64!" Hapa miaka huhesabiwa kwa zama za kila mfalme, na Showa zilikuwa za Hirohito. Kumbe nilizaliwa katika mwaka wa siku saba tu. Mfalme Hirohito alifariki Januari 7, kesho yake Wajapani wakaamkia mwaka wa kwanza wa Heisei. Mama yangu, kule Tanga, alikuwa bado kwenye uji wa pilipili manga, hana habari.

Tangu siku hiyo majina haya ya zama yakanikaa kichwani. La sasa ni Reiwa, lililoanza Mei 1, 2019, na chimbuko lake haliko mbali na ninapoishi. Jumamosi moja ya Februari nikapanda treni ya Nishitetsu pale Tenjin, ile inayosimama kila kituo, nikashuka Tofuromae.

Nilikuta uwanja mpana wa nyasi na mawe ya misingi, basi. Ndiyo Dazaifu ya kale, makao ya serikali yaliyosimamia Kyushu yote. Mwaka 730 mkuu wake, Otomo no Tabito, aliwaalika wageni nyumbani kutazama maua ya mplamu, na kila mmoja atunge shairi. Zikapatikana tungo 32, zikahifadhiwa pamoja na utangulizi wake katika diwani ya Man'yoshu. Utangulizi unasema ulikuwa mwezi mwema wa mwanzo wa machipuko, hewa safi, upepo mtulivu. "Rei" imetoka kwenye wema wa mwezi, "wa" kwenye utulivu wa upepo. Mtu wa pwani aliyewahi kukaa barazani na washairi hahitaji kufasiriwa karamu hiyo.

Wapo walionusa jeuri ndani ya jina Reiwa, maana "rei" pia ni amri. Serikali ikafafanua kuwa maana ni upatano mzuri. Lilisifiwa pia kuwa, kati ya majina 248 tangu lile la kwanza, Taika, la mwaka 645, ndilo la kwanza kujulikana kuchotwa katika kitabu cha Kijapani badala ya vya Kichina. Mimi nilicheka kidogo: utangulizi wenyewe uliandikwa kwa Kichina cha kale! Na zamani jina lilibadilishwa hata kwa tetemeko au maradhi. Utaratibu wa mfalme mmoja jina moja ni wa 1868.

Nyuma ya uwanja kuna hekalu dogo la Sakamoto Hachiman, ambako wengine husema ndipo ilipokuwa nyumba ya Tabito. Nikapita, nikaendelea kwa miguu hadi hekalu la Tenmangu, miplamu imechanua, watu wamejaa.

Hapo nilinunua umegae mochi, andazi la unga wa mchele lililotiwa maharage matamu, la moto hasa. Nikarudishiwa chenji. Sarafu za yeni 10 huandikwa mwaka wa zama, na alama zake nimeshazikariri, nikazigeuza moja moja. Showa 53. Heisei 3. Showa 62. Za Showa 64 zipo mtaani, karani aliniapia.

Muuzaji akaniuliza kama chenji imepungua.