Swali la Mzee Katibu

Binti yangu, yule wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kaniandikia juzi: "Shikamoo baba. Nataka kuiweka programu yangu kwenye GitHub, ile tovuti ya kugawana programu, naulizwa leseni. Niweke ipi?" Sikumjibu kwa maandishi, nilimpigia. Jibu langu linaanzia kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa zabibu, mavuno ya Agosti.

Programu ya mizani, ya kupiga hesabu ya kilo na malipo ya mkulima, tulikuwa tumeimaliza mimi na mwenzangu. Iliyobaki ni kuiachia umma. Kuianika tu bila leseni hakusaidii: kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi inabaki ya mwandishi na mwingine hana ruhusa ya kuinakili. Mwenzangu alitaka leseni ya MIT: aya tatu, kila mtu achukue, mradi jina letu na masharti yabaki. Mimi nilitaka GPL toleo la 3, lile la 2007: ukiibadili na kuigawa, gawa na msimbo wako, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwa masharti yaleyale.

"Ukiwabana, kampuni hazitaigusa," akasema.

"Na akiichukua mtu akaifungia kwake, si atakuwa amekula jasho la watu?"

Mzee Katibu wa chama alikuwa anapanga stakabadhi, kimya muda wote. Akauliza bila kuinua kichwa: "Wanangu, mnunuzi akichukua hicho kitu chenu, akageuza hesabu ya kreti, mkulima ataona?"

Tukatazamana. Dirishani vijana walikuwa wanapakia, nyuki wamejaa kwenye kreti, karani anataja kilo kwa sauti na akina mama wanazirudia ili wasizisahau. Chini ya GPL, haki ya kupata msimbo ni ya aliyepewa programu. Mnunuzi anayeitumia kwenye kompyuta yake hampi mkulima programu, anampa karatasi. Hata AGPL, leseni ndugu ya GPL, inayomfikia anayetumia programu kupitia mtandao, haimfikii mama aliyesimama pale mizani. Nikamweleza mzee hivyo, bila kuficha.

"Basi karatasi nayo iseme," akajibu.

Tukaweka GPL, mwenzangu akakubali shingo upande. Stakabadhi tukaifanya ionyeshe kila hatua: uzito ghafi, kreti, makato, bei. Naamini tulichagua vema, na binti nimemwambia hivyo. Ila GPL inampa kila mtu haki ya kuibadili programu, na mistari inayochapa hatua hizo imo humohumo. Anayetaka kuifuta mistari hiyo anaruhusiwa, na mpaka leo sijaona leseni ambayo ingemzuia ikabaki huria.