Namba za VM ni ahadi, si mali

Ukifungua mipangilio ya VM (mashine pepe, kompyuta inayoendeshwa ndani ya seva) ukakuta vCPU (prosesa pepe) 8, RAM GB 32 na diski ya GB 500, usidhani vimetengwa mahali vinamsubiri mwenyewe. Haipavaiza, ile programu inayokaa juu ya vyuma na kuvigawa kwa VM, iwe ESXi ya VMware, Hyper-V au KVM iliyo ndani ya Proxmox, imeahidi tu. Inaweza kuahidi zaidi ya ilicho nacho, na faida ya virtualaizesheni iko hapo hapo, maana VM nyingi hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku. Ila ahadi ya CPU, ya RAM na ya diski hazivunjiki kwa namna moja.

Chukua seva yenye soketi 2 (nafasi za kuchomeka prosesa), kila soketi kori (viini vya kuchakata) 16, RAM GB 256 na hifadhi ya TB 4.

vCPU ni haki ya kupanga foleni kwenye kori. Hyper-Threading ikiwashwa utaona prosesa 64, lakini thredi mbili za kori moja zinagombea vitendea kazi vilevile, kwa hiyo hesabu zako zifanye kwa 32. Kwa kazi za kawaida za ofisi, vCPU 3 hadi 4 kwa kila kori huenda vizuri, yaani kati ya 96 na 128 kwa seva nzima. Hifadhidata yenye shughuli nyingi usiibane hivyo. Ipe vCPU 1 kwa kori 1, au karibu na hapo.

Ahadi ya CPU ikizidi, hakuna kinachoanguka. VM zinakuwa nzito tu. Kipimo chake ni CPU Ready: muda ambao vCPU ilikuwa na kazi mkononi lakini haikupata kori. Grafu ya papo kwa papo ya vCenter, programu ya kusimamia seva (hosti) za ESXi, hujumlisha sekunde 20 na kukupa jibu kwa milisekunde. Gawanya kwa 20,000, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa idadi ya vCPU. VM ya vCPU 4 ikionyesha 8,000, hiyo ni 40, sawa na asilimia 10 kwa kila vCPU. Ikipita 5 naanza kuuliza maswali. Ikifika 10 watumiaji wameshaanza kulalamika. Kwenye KVM, ingia ndani ya VM ya Linux, andika <code>top</code>, utazame muda ilionyimwa kori, kwenye <code>st</code>.

Mtego uko hapa. Watu wanalalamika, fundi anaongeza vCPU kutoka 4 hadi 8, na mambo yanaharibika zaidi. ESXi hairuhusu vCPU za VM moja ziachane mno. Zilizotangulia husimamishwa zikisubiri zilizobaki nyuma, na kwenye chombo cha vipimo cha ESXi, <code>esxtop</code> utaliona hilo kwenye safu ya %CSTP. Kadiri vCPU zinavyokuwa nyingi ndivyo kungojeana kunavyoongezeka. Dawa mara nyingi ni kupunguza, jambo gumu kumweleza muuzaji wa programu aliyeandika "kima cha chini 16" kwenye karatasi yake. Angalia na NUMA, mpangilio wa RAM kwa soketi: kila soketi ina GB 128 za RAM upande wake, hivyo VM ya vCPU 20 itakaa miguu huku na huku, na kila inapofuata data ya upande wa pili inachelewa.

RAM haina zamu. Haipavaiza ikibanwa, ESXi huanza na puto: dereva aliye ndani ya VMware Tools (programu saidizi unayosakinisha ndani ya VM) anajifanya programu yenye njaa ya RAM, mfumo wa ndani unamwachia kurasa (vipande vya RAM) usizozihitaji, naye anazirudisha kwa hosti. Bila Tools hakuna puto. Baada ya hapo ni kubana kurasa, na mwisho kabisa kuziandika diskini kwenye faili la .vswp. Faili hilo huundwa VM inapowashwa, na ukubwa wake ni RAM ya VM ukitoa uliyoiwekea dhamana (Reservation), yaani iliyotengwa kwa uhakika. VM ya GB 32 yenye dhamana ya GB 8 inakula GB 24 za hifadhi, na wengi huzisahau kwenye hesabu.

Kuna kosa moja la RAM linalosumbua kuliko yote: templeti (VM ya mfano inayonakiliwa) iliyowekewa kikomo cha GB 4 miaka iliyopita. VM iliyotoka humo ikiongezwa hadi GB 16, kikomo kinabaki 4, na inaswopu (inaandika RAM diskini) huku hosti ina GB 100 za bure. Kabla ya kununua RAM, kagua sehemu ya Limit iwe Unlimited.

Diski ndiyo hatari zaidi. Diski ya thini hukua kadiri inavyoandikwa, hivyo VM 10 za GB 500 zinakaa kwenye TB 4 bila mtu kulalamika, hadi siku zinapojaa. VMFS, mfumo wa faili wa ESXi, ikijaa, VM inayotaka kuandika husimama. LVM-thin, hifadhi ya thini ya Proxmox, ikijaa, tarajia makosa ya kuandika na faili kuharibika. Kufuta faili ndani ya VM peke yake hakurudishi nafasi: kwenye Proxmox weka alama ya Discard kwenye diski, kisha ndani ya Linux endesha <code>fstrim -av</code>.

Snapshoti, hali ya VM iliyonaswa wakati fulani, nayo inakula nafasi hiyohiyo. Ukiipiga, diski ya awali hufungwa na maandishi mapya yote huingia kwenye faili la pembeni linaloishia na -000001.vmdk. VMware wanashauri lisipite saa 72. Wala si bekapu, kwa sababu diski ya awali ikipotea, faili la pembeni halina maana.

HA (High Availability), kinga ya klasta ya hosti kadhaa zilizounganishwa, haizuii VM kuzimika. Inaiwasha upya kwenye hosti nyingine. Kwa hosti 3 za GB 256, ili moja ikifa mbili zibebe kila kitu, matumizi ya RAM ya klasta nzima yabaki chini ya GB 512, takriban GB 170 kwa hosti. Na klasta ya Proxmox ya hosti 2 peke yake isikudanganye: moja ikizimika, iliyobaki ina kura 1 kati ya 2, haifikii wingi, haiwashi kitu. Weka QDevice, mpiga kura wa tatu, kwenye kompyuta ndogo ya tatu.