Usiku niliomtia kiwi kiwi

Huyu ndege kiwi mi nilimjua kwenye kopo. Wale wenzangu wa zamani mnaijua hiyo, Jumapili jioni umekaa barazani na kipande cha fulana mbovu unapiga viatu kiwi vya skuli, na pale juu ya kifuniko kuna ndege wa ajabu ajabu, hana mkia, mabawa huyaoni, mdomo mrefuuu. Mi nikiamini kashika fimbo mdomoni. Siku moja nikamuuliza mama, mama huyu ndege fimbo yake ya nini, akanambia we piga viatu kesho skuli. Yakaisha hapo.

Miaka ikapita nikajikuta Dunedin, Nyuzilandi, nasoma, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, nakaa nyumba moja na jamaa wa Mombasa. Disemba ya 2016 likizo imefika hatuna pa kwenda, jamaa akasema twende Rakiura tukamwone huyo ndege wa kopo lako, maana ushatuchosha naye. Rakiura ndiyo hiyo ramani zingine wanaiita Stewart Island, kisiwa cha kusini kabisa katika vile wanavyokaa watu, watu kama 400 tu lakini kiwi maelfu. Basi mpaka Invercargill, halafu Bluff, pale unapanda feri kama saa moja hivi na ule mkondo wake wallahi sitausahau, mi mtoto wa Jambiani nimekulia majini lakini siku ile nilitapika mpaka nyongo, na jamaa ananicheka huku na yeye kakumbatia ndoo.

Sasa kiwi ni wa usiku, na huko mwezi wa 12 jua linazama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo tukakaa tu tunangoja kiza kama watu wa futari. Tukapakiwa kwenye boti watu kama kumi, tukashushwa upande wa pili, tukakata msitu kwa miguu mpaka tukatokea pwani ya upande wa bahari kubwa. Aliyekuwa anatuongoza ni bibi mmoja mfupi, mkali kama mwalimu wa chuo, akatupanga mstari mmoja, hakuna kuongea, hakuna tochi isipokuwa yake yeye na mwanga wake hafifu, na flashi za simu zote zizimwe. Narudia, alisema zizimwe. Mi nikaitika kabisa.

Pale mchangani kulikuwa na mwani umetupwa na mawimbi, lakini si huu wetu wa kufunga kwenye kamba, ule majani yake mapana kama mikanda ya ngozi na mrefu kumzidi mtu. Ukiufunua chini vinaruka vidudu vidogo vidogo kama viroboto. Hivyo ndo kiwi wa Rakiura anavifuata, ndo maana utamkuta pwani.

Tukatembea weee. Mara bibi akasimama, akanyoosha mkono, na mi kwanza nikasikia kabla sijaona: fyuu, fyuu, kama mtoto mwenye mafua anapenga kamasi. Ndo yeye! Maana ndege huyu pua yake haiko hapa juu ya mdomo kama kuku, tundu ziko kule mwisho kabisa, kwenye ncha, yaani anatia mdomo mchangani ananusa chakula huko huko chini, mchanga ukimwingia anaupuliza utoke. Hakuna ndege mwingine mwenye pua mahali pale. Macho yake si kitu, anaishi kwa pua.

Alikuwa kama hatua tano kutoka nilipo. Ukubwa wa kuku mnene, manyoya si manyoya, ni kama nywele za mbuzi aliyenyeshewa, miguu minene hiyo. Na anatembea kainama, anagonga chini, tk tk, hatua mbili, tk, kama mzee anatafuta njia kwa mkongojo. Bibi alikuwa katwambia kwenye boti kwamba Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, kiwi wa aina hii wanamwita tokoeka, maana yake weka mwenye mkongojo, weka naye ni ndege wao mwingine asiyeruka. Nikamminya jamaa mkono: si nilisema ana fimbo! Miaka yote ile mi na Wamaori tumeona kitu kimoja.

Bibi akanong'ona huyu jike, majike ndo wakubwa. Yai moja hufika karibu moja ya tano ya uzito wake, we piga hesabu mwanamke wa kilo 60 azae mtoto wa kilo 12. Jamaa akasema kwa sauti ya chini, "Subhanallah, maskini mama wa watu." Na mtoto akitoka halishwi na mtu, anaishi kwa kiini cha yai alichobaki nacho tumboni mpaka ajitafutie. Huko bara vifaranga wengi huliwa na stoti, mnyama mfano wa kicheche, Wazungu walimleta karne ya 19 apunguze sungura (kama sisi na kunguru wetu wa kutoka India walioletwa kula taka, sasa wanakula vifaranga vyetu). Rakiura stoti hakuna, ndo pona yao.

Basi na mi nikasema picha moja tu ya kumtumia mama. Nikatoa simu taratibu, nikalenga, nikabonyeza.

Flashi.

Pwani nzima ikawa mchana. Nilimtia kiwi yule kiwi, yaani hakuna namna nyingine ya kusema. Akaganda sekunde moja, halafu akatimka, si msituni, akatimka kuja kwetu! Akapita katikati ya miguu ya jamaa, jamaa akaruka na kupiga "Yallah!" iliyosikika Bluff, ndege huyo akayoyoma kichakani na ile mbio yake ya kuyumba kama mtu kabeba ndoo mbili. Kimya. Watu kumi wananiangalia gizani siwaoni ila nawahisi. Bibi hakupiga kelele, alikuja akanyoosha kiganja, nikampa simu kama mtoto aliyekamatwa na gololi darasani, akaitia mfukoni mwake.

Tukiwa tunarudi dume akalia huko msituni, filimbi kali inayopanda, tena na tena, na baadaye jike akajibu kwa sauti ya kukwaruza kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Jamaa akasema huyo anakushitaki kwa mumewe.

Simu nilirudishiwa feri asubuhi. Picha ilikuwa imetoka: buti la jamaa, weupe mtupu, na mwani. Nikamtumia mama hivyo hivyo, nikamwandikia ndo pale alipokuwa yule ndege wa kopo. Mama analima mwani tangu sijazaliwa. Akanipigia hapo hapo.

"Mwanangu, mwani mkubwa hivi, wanauza kilo shingapi?"