Nachora fremu mchana, usiku nafukuza gololi

Haya leo nalipa deni. Kila nikipiga picha meza yangu ya kazi hakuna anayeuliza kuhusu michoro, wote wanauliza lile dude la nyuma lenye miguu minne na mataa kama ukumbi wa harusi ni kitu gani. Ni mashine ya pinboli jamani, ule mchezo wa kupiga gololi ya chuma juu ya ubao ulioinama isidondokee shimoni. Na sio moja, ziko tatu, ila zinazocheza ni mbili, ya tatu iko tumbo wazi mwezi wa pili huu, nyaya nje, nitafika huko.

Mi kazi yangu ni animesheni, mnajua. Nalipwa kufanya kitu kisicho na uzito kionekane kina uzito. Mazoezi ya kwanza kabisa tunayopewa sote ni mpira unaodunda, unachora fremu (zile picha moja moja zinazounda mwendo) zilizobanana kule juu mpira unapogeuka halafu unaziachanisha jinsi unavyoshuka maana kitu kikianguka kinazidi kukimbia. Nimelichora hilo zoezi sijui mara ngapi, nimewafundisha na vijana, nikajiona mjuzi. Siku niliposimama mbele ya pinboli kwa mara ya kwanza ndo nikajua nilikuwa nalijua kwa macho tu, mikono yangu ilikuwa haijui chochote. Gololi yenyewe ni chuma kitupu, gramu 80 hivi, upana milimita 27, na ubao wa mashine za kisasa umeinama kama nyuzi sita na nusu tu, ukiuchungulia kwa ubavuni unaona kama umelala kabisa. Sasa subiri hiyo gololi igonge bampa mbili tatu, vile vichwa vinavyoirusha ikivigusa, ianze kukurudia katikati, utashangaa umebana pumzi mtu mzima.

Halafu flipa, vile vijimkono vya chini unavyopigia gololi irudi juu. Hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Chini ya ubao kila flipa ina koili yake, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku umeme ukipita, na ndani ya koili kuna kipande cha chuma kinachovutwa ukibonyeza kitufe. Koili imezungushiwa nyaya mbili, moja nene ya nguvu na nyingine nyembamba ya kushikilia. Ukibonyeza, umeme mwingi unapita kwenye ile nene, flipa inaruka kwa hasira, na ikifika mwisho inasukuma kaswichi kadogo kanafunguka, umeme unalazimika kupita kwenye ile nyembamba, flipa inabaki juu bila koili kuungua. Ndo kila kitu. Hako kaswichi kakishika uchafu flipa inakuwa legelege kama mtu mwenye homa, na kakigandiana kisifunguke utasikia harufu ya kuungua kabla hujaona moshi (nimeisikia mara mbili, hutaisahau). Kwenye animesheni mhusika akitaka kuruka lazima kwanza ajikunje, arudi nyuma kidogo, mtazamaji apate taarifa. Flipa haina hiyo adabu. Iko chini, iko juu, katikati hapo huoni kitu. Maandalizi yote inabidi uyafanye wewe kichwani, unaiangalia gololi inateleza juu ya flipa, ukipiga ikiwa katikati inaenda huku, ukisubiri kidogo tu ifike karibu na ncha inaenda kwingine kabisa, na hicho "kidogo" ni kama fremu moja au mbili, nakuambia mtu ninayehesabu fremu kwa riziki.

Wageni wakija wanabonyeza flipa zote mbili kwa pamoja kama wanapiga ngoma. Huwa siwasemi, nilikuwa hivohivo. Ila kucheza kwenyewe ni kuituliza gololi kwanza, unainua flipa moja, gololi inajilaza pale kwenye kona, unapumua, unachagua pa kupiga. Na mashine unaruhusiwa kuisukuma! Watu hawaamini. Unaibonyea kidogo kwa kiganja gololi ibadili nia. Ukizidisha, ndani kuna kitu kimening'inia kama timazi la fundi ujenzi katikati ya pete ya chuma, kikigusa pete umeme unakamilika, taa zinazima, flipa zinakufa, na unabaki unaitazama gololi inavyoenda zake shimoni. Tilti. Hilo wazo la tilti ni la Harry Williams, mbunifu wa mashine hizi, miaka ya 1930, na mi kila ikinitokea namkumbuka kwa maneno nisiyoweza kuandika hapa.

Miaka hiyo hata flipa zilikuwa hazijaja. Zilianza mwaka 1947 kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb ya Chicago iitwayo Humpty Dumpty, na zilikuwa sita, tatu kila upande. Kabla ya hapo ulikuwa unavuta springi, unaachia, unasukumasukuma kabati unaomba Mungu. Ndo maana jiji la New York lilipoipiga pinboli marufuku mwaka 1942, meya La Guardia akisema ni kamari, kwa kweli alikuwa na pointi japo sipendi kukiri. Zile nyundo walizovunjia mashine ndo zinaniuma. Marufuku ikadumu mpaka 1976, akaletwa mchezaji hodari Roger Sharpe mbele ya madiwani acheze waone kama ni ujuzi au bahati, na kinachonifurahisha ni kwamba kilichobakia kwenye kumbukumbu za watu sio flipa, ni alipovuta ile springi akataja kabisa gololi itapita njia ya katikati, ikapita. Kitu kilekile kilichoitwa bahati miaka yote hiyo.

Turudi kwangu. Kilichonigeuza kutoka mchezaji kuwa mkusanyaji ni michoro. Kioo cha juu kwenye mashine za zamani kimechapwa rangi kwa nyuma, yaani kinyumenyume, kile unachokiona mbele kabisa ndo kilichochapwa kwanza, macho na mistari halafu ngozi halafu anga, mtu wa selo (zile karatasi angavu za kuchorea katuni, nazo hupakwa rangi kwa nyuma) kama mimi hapo anapata kichaa. Nyuma ya kioo kuna balbu, zikiwaka na kuzima kwa zamu mchoro unaanza kuhema. Na wengine hawakutosheka na balbu, kuna mashine ya 1966 inaitwa Central Park, mle juu kuna nyani anagonga kengele, kabisa nyani wa kimashine. Hiyo ni animesheni, mtu asinibishie.

Halafu ikaja 1991 na kile kidirisha cha nukta, kiskrini cha nukta za mwanga kinachoonyesha alama na vikatuni. 128 kwa 32. Piga hesabu ni nukta 4,096, rangi ya chungwa tu, na kwenye mashine nyingi za kipindi kile una viwango vinne vya mwanga ukihesabu na giza lenyewe. Leo mtu ananiletea malalamiko kwamba kompyuta yake inakwama kwenye picha ya 4K, nampeleka kwenye ile mashine namwambia tazama hapa, jicho la huyu mtu ni nukta moja, MOJA, na unajua kabisa anakuangalia wewe na anakucheka. Huwa napiga video kwa simu halafu naipitisha fremu moja moja. Nimejifunza mengi pale kuliko kwenye semina nilizolipia. Mfano mhusika akigeuka kichwa, hawana nafasi ya kuchora kichwa cha katikati, wanarusha pua tu upande wa pili na wewe ubongo wako unamalizia. Nimeiiba hiyo, naitumia mpaka leo kwenye vikaragosi vya mbali, na mteja hajawahi kulalamika.

Mashine mpya zina skrini kubwa za rangi, zinakuonyesha vipande vya video kabisa. Nzuri. Siziangalii. Gololi ikiwa inatembea nani ana muda wa kutazama video? Zile nukta zilikuwa zinasomeka kwa kona ya jicho, na hilo ndo lilikuwa lengo.

Na ugomvi wa taa nao nauingia: msibadilishe balbu zote kuweka LED nyeupe. Rangi zile zilichaguliwa kwa mwanga wa njano, ukiweka mweupe wa baridi nyekundu inakuwa kama dawa ya kikohozi. Ila na mimi sio mbishi hivo, nyuma ya kioo nimeweka LED zenye mwanga wa joto kwa sababu joto la balbu za zamani ndo linabandua rangi ya kioo, na rangi ikishabanduka haijirudi.

Sasa ile ya tatu. Niliipata kwa mzee mmoja, ya miaka ya 90, imekaa stoo miaka mingi. Nikamuuliza, "Mzee, inawaka?" Akasema, "Kijana wangu, nilivyoiacha ilikuwa inawaka." Ona jibu hilo lilivyo la kweli kabisa halafu halina msaada. Mi macho yote kwenye michoro ya ubao, haijachubuka hata kidogo, nikalipa. Kuibeba ni habari nyingine, zaidi ya kilo 100, unafungua miguu, unalaza kichwa (lile sanduku la juu lenye kioo), watu wanne na mgongo wangu mpaka leo unakumbuka. Nimefika nyumbani wife kasimama mlangoni, "Baba Asha, hii nayo ndo ya mwisho?" Nikasema ndio, kama nilivyosema ile nyingine.

Nikafungua kichwa cha nyuma. Mashine za kipindi kile zinaweka betri tatu ndogo juu ya bodi ya kompyuta ili zitunze alama za wachezaji na mipangilio, na zile betri zilikuwa zimevuja sijui tangu lini. Ukungu wa kijani na buluu umeshuka kwenye bodi kama chumvi ya ukutani, njia za shaba zimeliwa, miguu ya chipu imekuwa unga. Ningefungua hapo kabla ya kutoa hela ningeona kwa sekunde tatu. Tochi ninayo mfukoni! Nilikuwa naimulikia michoro.

Kwa hiyo ndo niko hapo. Nimesafisha kwa siki nyeupe maana uvujaji wa hizo betri unahitaji asidi kidogo kuutuliza, nikasuuza, nikakausha siku mbili, nikang'oa soketi iliyooza, nikapitisha vijiwaya vyembamba pale njia zilipokatika, kazi ya kukodoa macho kuliko kupaka rangi fremu. Betri sirudishi, nimeweka chipu inayotunza kumbukumbu bila betri.

Wiki iliyopita ikawaka. Kidirisha kikaleta nukta zake, nikapiga kelele mtoto akaamka. Ila swichi za hizi mashine zimepangwa kama jedwali, safu nane kwa nane, na kwenye safu moja kuna swichi ilikuwa haisomi, gololi inapita juu yake kama haipo. Jana usiku nikaingia kwenye menyu ya kupima, nikawa naipitisha gololi kwa kidole kwenye safu hiyo swichi moja baada ya nyingine, nasikiliza mlio. Saba zimelia. Ya nane, ile ya njia ya kulia ambayo gololi zangu zote hupenda kufia, kimya.

Nimeagiza diodi, kale kapande kanakoruhusu umeme upite upande mmoja tu, kila swichi inako kake. Na kuna kipande cha katuni cha kazini cha sekunde nne, mpira unadunda ngazini, kilitakiwa kutumwa jana asubuhi, mhariri wangu kama unasoma hii kiko njiani.