Mstari Uliopinda Saa Mbili Asubuhi

Mwezi wa Agosti mwaka jana, katika uwanja wa shule ninayofundisha hisabati nje kidogo ya mji wa Dodoma, wanafunzi sita wa kidato cha nne walipokezana zamu ya kupima mwanga wa jua tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka jua lilipofika juu kabisa, jambo ambalo huku kwetu hutokea kama saa saba kasoro dakika ishirini mchana. Kifaa chao kilikuwa kipande cha bomba la plastiki kilichopakwa rangi nyeusi kwa ndani, na mwishoni mwake diodi nyekundu, yaani kile kitaa kidogo kinachowaka kwenye chaja ya simu, ikiwa imeunganishwa na mita ya fundi umeme. Diodi ya namna hiyo ikipewa umeme hutoa mwanga, na ikipewa mwanga hutoa umeme kidogo, tena huchagua rangi inayokaribiana na ile inayoitoa yenyewe. Mmarekani Forrest Mims alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba sifa hiyo inatosha kutengenezea kipimajua cha bei nafuu. Kwa kuwa ni hatari kulitazama jua, wanafunzi walilenga kwa kufuata kivuli: bomba lilizungushwa taratibu mpaka kivuli chake kilichorefuka juu ya karatasi kikajikusanya kuwa duara, na hapo mmoja akasoma namba na mwingine akaandika.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mfaransa Pierre Bouguer aliulinganisha mwanga wa mwezi mpevu, ukiwa katika vimo viwili tofauti angani, na mwanga wa mishumaa, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1729 akaeleza kanuni ambayo wanafalaki wanaitumia mpaka leo. Hewa haipunguzi mwanga kwa kiasi kilekile kila hatua. Hupunguza sehemu ileile ya kile kilichobaki. Mfano ninaoutumia darasani ni wa lori lenye magunia 100 linalopita vituo vya ushuru, na kila kituo kinatoza robo na ushei ya mzigo kinaoukuta. Baada ya kituo cha kwanza yanabaki magunia 74, baada ya cha pili 55, baada ya cha tatu 41. Jua likiwa utosini, miale yake hupita unene mmoja wa hewa. Likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho hupita unene wa mara mbili. Likiwa chini zaidi, kama nyuzi 19 na nusu, hupita unene wa mara tatu. Ukichukua logarithimu ya mwanga uliopimwa, yaani hesabu inayogeuza upungufu wa sehemu ileile kuwa upungufu wa kiasi kilekile, na kuipanga dhidi ya unene huo, unapata mstari ulionyooka. Mteremko wa mstari unakwambia hewa ina uchafu na ukungu kiasi gani, na ukiurefusha mpaka unene uwe sifuri unapata jambo la kustaajabisha, nalo ni nguvu ya jua kama kifaa chako kingeipima juu ya angahewa, ingawa hukutoka uwanjani. Grafu hiyo inaitwa kwa jina la Samuel Langley, mwanafalaki wa Marekani ambaye mwaka 1881 alipanda na vifaa vyake Mlima Whitney huko California ili apime nguvu ya jua mahali penye hewa nyembamba.

Kwa Bouguer na kwa Langley, hewa ilikuwa kizuizi. Walitaka kuijua ili waitoe kwenye hesabu, wabaki na nyota au jua pekee. Hilo ndilo nililokusudia kuwafundisha wanafunzi, na kwa sehemu kubwa ya asubuhi lilifundishika vizuri: kuanzia kama saa tatu nukta zilikaa kwenye mstari kwa namna iliyowafurahisha. Nukta za mwanzo, za saa moja na nusu mpaka saa mbili na dakika chache, zilikataa. Zote zilianguka chini ya mstari, na kadiri ilivyokuwa mapema zaidi ndivyo zilivyozidi kuanguka. Nilidhani kwanza ni makosa ya kulenga, kwa sababu jua likiwa chini mkono huchoka kulifuata. Tulirudia siku nne. Siku zote nne mstari ulipinda palepale.

Msichana mmoja aliyekuwa akiandika namba ndiye aliyetuonyesha kwa kidole. Upande wa mashariki wa uwanja kuna nyumba kama arobaini, na saa moja na nusu asubuhi kila nyumba inapika uji au chai. Moshi ulikuwa umetanda juu ya mapaa kama shuka la kijivujivu, haupandi, kwa sababu usiku wa kiangazi ardhi hupoa na hewa baridi hulala chini huku hewa yenye joto kiasi ikikaa juu yake na kuuziba moshi usipate njia. Jua lilikuwa linatupigia kupitia shuka hilo. Ilipofika saa tatu ardhi ilikuwa imepata joto, hewa ikaanza kuchanganyika, moshi ukatawanyika, na nukta zikarudi kwenye mstari. Kanuni ya Langley inataka hewa isibadilike muda wote wa kupima, na sisi tulikuwa tumeiweka mbele ya majiko arobaini. Kwa sababu hiyohiyo vipimajua vya rejea, yaani vile ambavyo vingine hulinganishwa navyo, vya AERONET, mtandao wa vipimajua wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ulioanzishwa miaka ya 1990 chini ya Brent Holben, kwa miaka mingi vimekuwa vikipelekwa kusawazishwa katika mlima wa Mauna Loa huko Hawaii, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hakuna anayepika chini ya mwale wa jua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri kwamba sehemu iliyopinda ndiyo yenye habari iliyonihusu zaidi. Bibi yangu mzaa mama alipika kwa kuni maisha yake yote katika jiko la udongo lenye mafiga matatu na dirisha la ukubwa wa kitabu. Nikiwa mtoto nilipenda kukaa mlangoni nikitazama mwale wa jua ulioingia kupitia tundu la msumari kwenye bati; ulionekana kama fimbo nyeupe iliyochomekwa hewani, na moshi ulizunguka ndani yake. Sikujua wakati huo kwamba mwale huonekana kwa ubavu kwa sababu tu kuna chembe zinazoutawanya mwanga, na kwamba katika hewa safi nisingeona kitu mpaka ugonge sakafu. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kila jioni, na alikuwa na kikohozi tulichokichukulia kama sehemu ya sauti yake.

Chembe zenye madhara zaidi ni zile ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, ndogo kuliko unene wa unywele kwa takriban mara thelathini, ambazo wataalamu huziandika PM2.5. Hizo hazizuiliwi na pua. Hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Nimewahi kusikia watu wakiitaja idadi hiyo kana kwamba kuna mtu aliyehesabu makaburi. Ni matokeo ya hisabati ndefu, na ninaamini kila anayeitumia anapaswa kujua imejengwa juu ya nini.

Imeanza na kupima. Mwanga wa rangi moja pekee hauwezi kukuambia kama kilichouzuia ni moshi au ni vumbi. Msweden Anders Ångström alionyesha mwaka 1929 kwamba inabidi kulinganisha rangi: chembe ndogo za moshi hupunguza mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, na ndiyo maana jua huonekana jekundu nyuma ya moto wa pori, ilhali vumbi na chumvi ya bahari, ambazo chembe zake ni kubwa, hupunguza rangi zote karibu sawa. Vipimajua vya AERONET, kikiwemo kile kilichowekwa Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, hulifuata jua vyenyewe na kulipima kwa rangi kadhaa.

Kutoka kwenye rangi hizo kwenda kwenye orodha ya ukubwa wa chembe ndipo hisabati inapokuwa ngumu kweli. Ni kama kuonja pilau kisha utakiwe kutaja uzito wa kila kiungo: wapishi wawili wanaweza kufikia ladha moja kwa vipimo tofauti, na ulimi wako ukikosea kidogo tu jibu lako linaweza kusema kuna kilo ya karafuu. Mwanahisabati Mfaransa Jacques Hadamard alikwisha kuonya mapema katika karne ya 20 juu ya matatizo ya aina hii, ambayo kosa dogo kwenye kipimo huzaa kosa kubwa mno kwenye jibu. Dawa yake ilipatikana miaka ya 1960 katika kazi za wanahisabati Phillips na Tikhonov: kati ya majibu yote yanayokubaliana na kipimo, chagua lile lililo laini, lisilo na mabonde na vilele visivyo na sababu. Wanafunzi wangu waliuliza kama huko si kubahatisha. Niliwajibu kwamba ni kuongeza ujuzi mwingine tulio nao juu ya hewa pale ambapo kipimo peke yake hakitoshi, na kwamba uaminifu unadai tuseme wazi tumeongeza nini.

Setilaiti ziliongeza upana. Terra ilirushwa Desemba 1999 na Aqua Mei 2002, na kwa kamera zao wataalamu wakaanza kukadiria PM2.5 hata katika wilaya ambazo hazijawahi kuwa na kipimo kimoja cha ardhini. Lakini setilaiti huona nguzo nzima ya hewa kutoka juu hadi chini, wakati binadamu huvuta ile iliyo mbele ya pua yake. Moshi wa mioto ya kiangazi inayowashwa kusini mwa Afrika kati ya Juni na Oktoba unaweza kupita kilomita kadhaa juu ya vichwa vyetu na kuifanya nguzo ionekane chafu ilhali chini tunapumua vizuri. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: hakuna setilaiti inayoona chini ya bati la jiko.

Katika upande wa afya, utafiti ulioweka msingi ni ule wa miji sita ya Marekani uliochapishwa mwaka 1993, uliofuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 kwa miaka 14 hadi 16 na kukuta kwamba, baada ya kuzingatia uvutaji sigara na mambo mengine, hatari ya kufa katika mji wenye hewa chafu zaidi ilizidi ile ya mji wenye hewa safi zaidi kwa asilimia 26. Hewa ya miji ile, hata hivyo, si hewa ya jiko la kuni, ambamo kiwango huweza kufika mamia ya mikrogramu. Ili kuunganisha pande mbili, watafiti walichora mkunjo mmoja wa hatari dhidi ya kiwango cha moshi, unaopita kwenye hewa ya mijini, moshi wa sigara za watu wengine, moshi wa majiko, na uvutaji sigara wenyewe. Mkunjo huo hupanda kwa kasi mwanzoni kisha hulala. Maana yake ni nzito: anayeishi kwenye moshi mwingi akipunguziwa nusu, bado yuko kwenye sehemu iliyolala, na faida anayoipata ni ndogo kuliko nusu.

Majaribio ya uwanjani yanaelekeza hukohuko. Huko Guatemala, Amerika ya Kati, jiko lenye bomba la kutolea moshi lilipunguza kwa nusu moshi uliowafikia watoto; nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiwango cha kuthibitika, ingawa ile kali ilipungua. Malawi, jaribio lililowahusisha watoto zaidi ya 10,000, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, lilitumia majiko bora ya kuni na halikuona tofauti yoyote katika nimonia. Na jaribio la gesi ya kupikia lililofanyika katika nchi nne, Rwanda ikiwa mojawapo, lilipunguza moshi zaidi ya nusu na bado nimonia kali ya watoto wachanga haikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Matokeo haya yaliniuma nilipoyasoma, kwa sababu nilitamani sana yaseme vinginevyo. Hayanifanyi niache kuunga mkono nishati safi. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kuitumia ifikapo 2034, na macho ya bibi yangu yanatosha kunishawishi. Yananifanya nisikubali kumwahidi mama yeyote kwamba jiko fulani litamkinga mwanawe wakati hakuna aliyepima hewa ya jikoni mwake kabla na baada.

Kupima huko sasa kunawezekana. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umesambaza mjini Kampala vipimahewa vilivyobuniwa hukohuko, vingine vikifungwa kwenye bodaboda. Ndani ya vipimahewa vya bei nafuu kwa kawaida mna mwale mdogo wa leza unaotawanywa na chembe na jicho la kielektroniki linalousoma kwa ubavu: ule mwale wa tundu la msumari, umepewa namba. Unyevu huzivimbisha chembe na kukidanganya kifaa, hivyo lazima namba zirekebishwe kwa kukilinganisha na kipimo cha rejea.

Kwa michango ya walimu tumenunua kimoja. Kiangazi kijacho wanafunzi watarudi uwanjani na bomba lao jeusi saa moja na nusu, na wakati huohuo kipimahewa kitakuwa kimening'inizwa kwa kamba katika mojawapo ya majiko ya upande wa mashariki, mita moja na nusu kutoka sakafuni, usawa wa uso wa mama aliyesimama akikoroga uji. Mama mwenye jiko amekwisha kukubali, kwa sharti kwamba namba zote asomewe yeye kwanza.