Nilivyozipata Lisp za kompyuta za kale na kuziendesha nikiwa Unguja

Lisp ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ukitafuta neno Lisp peke yake mtandaoni utaletewa Common Lisp za leo na masomo ya wanaoanza. Lisp za kompyuta za mwanzo hazipatikani hivyo. Zinatafutwa kwa jina la mashine. John McCarthy aliianzisha lugha hii MIT mwaka 1958, Steve Russell akaifanya iendeshwe kwenye IBM 704, na baada ya hapo kila mashine ikapata lahaja yake. Andika PDP-1, IBM 7090, PDP-10, BBC Micro au CP/M (huu ni mfumo endeshi wa kompyuta ndogo za zamani) kwanza, halafu ndiyo uongeze Lisp.

Kabla sijashusha kitu huhakikisha vipo vitatu: faili la programu lenyewe, kiigaji cha mashine yake (programu inayojifanya mashine hiyo), na kitabu cha maelezo. Kikikosekana kimoja, naiacha hiyo. Wengi hupoteza bando hapa. Lisp kadhaa za miaka ya 1960 zimebaki kama karatasi zilizochapwa na kupigwa skani tu. Ukurasa unasema ipo, unashusha PDF nzito, ndani unakuta picha za msimbo ambao itabidi uuchape mwenyewe kwa mkono.

Pahala pa kuanzia ni ukurasa wa historia ya Lisp wa Computer History Museum, uliokusanywa na Paul McJones. Umepangwa kwa lahaja na mashine, na unaonyesha kilichobaki, kama ni msimbo, faili au kitabu. Vitabu na nakala za mikanda vipo Bitsavers, tovuti ya hifadhi ya kompyuta za kale. Diski za kompyuta za nyumbani zipo Internet Archive. Kwa sisi wa bando, programu zenyewe si mzigo, nyingi ni kilobaiti chache. Kinachokula bando ni vitabu. Vitabu nilivishusha penye Wi-Fi kwa `wget -c`, maana umeme ukikatika na ruta ikazimika, amri hiyo inaendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Kompyuta kubwa haihitajiki. Laptopu ya mtumba ya Darajani yenye Linux inatosha.

Nilianza na muLISP ya CP/M, na bado naona hapo ndipo pa kuanzia kwa mtu yeyote. Iliandikwa na Soft Warehouse ya Honolulu, na juu yake ndipo ilipojengwa muMATH, kisha Derive, ile programu ya hesabu. Tatizo la kwanza ni jina la faili. CP/M na MS-DOS zote mbili zinatumia `.COM`, na muLISP ilitoka kwa mifumo yote miwili. Ukiipa CP/M faili la DOS, kiigaji kinaganda au kinamwaga herufi za ajabu. Chungulia baiti za mwanzo kwa `xxd -l 16 MULISP.COM`. Programu za CP/M mara nyingi huanza na C3, za DOS huanza na E9 au EB. Si kanuni isiyovunjika, lakini inaokoa muda.

Mara nyengine hupati faili la programu bali picha ya diski nzima, yaani faili moja lenye nakala ya kila kilichomo kwenye diski. Hapo tazama ukubwa. Diski ya inchi 8 ya kawaida ya CP/M ina njia 77, kila njia sekta 26, kila sekta baiti 128, jumla baiti 256,256. Picha yako ikiwa na ukubwa huo khasa, weka cpmtools (zana za Linux za kusoma diski za CP/M), kisha orodhesha kwa `cpmls -f ibm-3740 diski.img` na toa faili kwa `cpmcp -f ibm-3740 diski.img 0:mulisp.com .` (nukta ya mwisho ni folda uliyomo, usiiache). Ukubwa ukiwa mwengine, basi umbo la diski ni jengine. `cpmls` inaweza kukuonyesha majina yaliyovurugika au isionyeshe kitu kabisa, na hilo halina maana kuwa diski imeharibika.

Kiigaji nilichotumia ni RunCPM. Hakitaki picha ya diski. Diski A ni folda `A/0` tu. Nakili `MULISP.COM` humo kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo na RunCPM haitaliona faili la `mulisp.com`. Andika MULISP, na alama ya `$` ikitokea umeshaingia. Kutoka ni `(SYSTEM)`.

Sasa mambo yake mwenyewe. Katika muLISP, jina lisilopewa thamani linajirudisha lenyewe, kwa hiyo ukikosea herufi moja hupati onyo lolote. Unapata jibu la ajabu na programu inaendelea kama hakuna kitu. Ndani ya mwili wa kitendaji unaweza kuandika sharti kama `((ZEROP N) 1)` bila COND, neno la Lisp la kuanzia masharti. Ni raha ukishazoea, lakini msimbo huo hauendi kwenye Lisp nyengine bila kuandikwa upya. Faili la msimbo ulilolichapa Linux, tuseme `FAKT.LIB`, lipitishe kwenye `unix2dos` kwanza, kwani CP/M inataka mistari iishie kwa alama mbili, CR na LF. Mwisho wa faili weka `(RDS)` ili usomaji urudi kwenye kibodi, halafu ongeza baiti 1A, alama ya mwisho wa faili, kwa `printf '\x1a' >> FAKT.LIB`. CP/M inahesabu faili kwa vipande vya baiti 128, na bila alama hiyo msomaji anaweza kuendelea na takataka zilizobaki kwenye kipande cha mwisho. Kisha ndani ya muLISP andika `(RDS FAKT LIB A)`.

Acornsoft LISP ya BBC Micro, kompyuta ya nyumbani ya Uingereza, ni rahisi zaidi kuipata na ndiyo niliyowaonyesha vijana wa skuli. Kuna kiigaji jsbeeb kinachofanya kazi ndani ya kivinjari, huweki chochote kwenye mashine. Kwenye kompyuta yenyewe kuna BeebEm na b-em. Faili la ROM (nakala ya chipu yenye programu) linapaswa kuwa baiti 8,192 au 16,384. Picha ya diski ya upande mmoja ni baiti 102,400 kwa njia 40 au 204,800 kwa njia 80, ingawa wengine huikata sehemu tupu ya mwisho. Ikiwa ni ROM, andika `*LISP`, itakusubiri kwa neno Evaluate. Acha Caps Lock ikiwa imewaka, vitendaji vyake vyote ni herufi kubwa.

Kinachowachanganya watu ni kibodi. Kwenye BBC Micro bano la kufungua liko Shift na 8, la kufunga Shift na 9, na alama ya nukuu moja (') iko Shift na 7. Kiigaji kikifuata mahali pa vitufe, unabonya Shift na 9 kama ulivyozoea, unapata bano la kufunga, na Lisp inakulalamikia kwa kosa usiloliona. Badilisha mpangilio wa kibodi uende kwa herufi badala ya mahali. BeebEm na jsbeeb zote zina chaguo hilo. Kumbuka pia kuwa BBC Micro ya Model B ina kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu na skrini inakula humo humo, kwa kutegemea hali (MODE) uliyoichagua: MODE 0 inachukua kilobaiti 20, MODE 7 moja tu. Baki MODE 7.

Kwa mashine kubwa, kiigaji SIMH cha Bob Supnik kinabeba karibu zote. Ya kupendeza kwangu ni Lisp ya PDP-1 aliyoiandika L. Peter Deutsch, 1964, kwenye mashine ya maneno ya biti 18. Imo kwenye vifurushi vya programu vya SIMH pamoja na maelezo ya swichi za kuweka kabla ya kuanza. Ukiziruka, inasimama tu.

LISP 1.5 ya IBM 7090 ni nzito kidogo, kwa sababu ni mfumo wa kadi za matundu, hakuna kuandika na kujibiwa papo hapo. Kitendaji kinakaa nje ya mabano ya vigezo vyake: unaandika `CAR ((A B C))`. Safu 72 za mwanzo za kadi ndizo zinazosomwa, kwa hiyo mstari mrefu unakatwa kimyakimya na mabano yako ya mwisho yanapotea. Kifurushi cha kadi kinamalizika kwa STOP na msururu wa mabano ya kufunga, kisha FIN. Msururu huo upo makusudi, kufunga mabano yaliyosahauliwa juu. Usiwe bahili nayo.

MACLISP ya PDP-10 inakuja na mfumo wa ITS, ambao kuujenga kunachukua muda, kwa hiyo fanya penye umeme wa uhakika. Ikiwaka itauliza `Alloc?`, jibu `n`. Halafu `(PLUS 5 5)` itakupa 12. Ni sawa kabisa, inahesabu kwa msingi wa 8. Ukitaka nambari unayoiandika isomwe kama desimali weka nukta baada yake, `10.`

Kuhusu kugawa: muLISP na Acornsoft zilikuwa za kuuzwa, sikuziweka kwenye flashi za wenzangu. Niliyogawa ni XLISP ya David Betz, ya 1983, ambayo msimbo wake wa C ulitolewa kwa matumizi yasiyo ya biashara. Ndiyo iliyozaa Nyquist, lugha ya sauti iliyomo ndani ya Audacity, kwa hiyo aliye na Audacity ya kurekodia qaswida tayari ana Lisp kwenye mashine yake, chini ya Nyquist Prompt.

Kuikusanya (compile) XLISP ya zamani kwa GCC ya sasa, programu ya kukusanya msimbo wa C, kunagoma kwa sababu mbili. Msimbo unaita vitendaji visivyotangazwa, jambo ambalo GCC 14 inalikataa kabisa; weka `-std=gnu89`. Pili, kitendaji kisichotangazwa kinadhaniwa kurudisha int (nambari kamili) ya biti 32, anuani ya biti 64 inakatwa nusu, na programu inakufa mara tu inapowaka. Weka kifurushi cha gcc-multilib na ukusanye kwa `-m32`. Kisha jaribu fakitoria ya 13. muLISP itakupa 6227020800, jibu sahihi, kwani inahesabu nambari kubwa bila kuzikata. XLISP ya zamani uliyoikusanya kwa biti 32 itakupa 1932053504. Hapo usiende kushusha faili jengine, ni nambari iliyozidi nafasi yake.